Ufunguo Kwenye Pindo la Somo

Kitendawili!

Najua mmeshaitikia tega, maana wajukuu zangu mnaosoma gazeti hili mna haraka kuliko chai ya sufuria nyembamba. Basi nakutegeni: huondoka sijaamka, hurudi ananuka, na mimi namkumbatia vilevile. Ni nani huyo?

Mliosema paka nimewasikia. Si paka. Kaeni nacho kitendawili hicho, tutakutana nacho mbele ya safari, kabla hamjalichana gazeti mkafungia vitumbua.

Tulimwacha Zuhura uani kwake, hapa Dunda, Bagamoyo, amemkumbatia binti yake Shadya, wote wawili weusi kwa moshi. Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, ilikuwa hivi. Zuhura anakaanga samaki pale sokoni. Mumewe, Mahmoud, anayeishi mji mwingine, alimwacha kwa talaka ya sauti, ya kwenye simu, na tangu siku hiyo akasahau kwamba mtoto anakula. Mnada wa samaki unaanza giza halijaondoka, na ukichelewa unakuta samaki wote wana wenyewe. Kwa hiyo Zuhura humfungia Shadya ndani amelala, kufuli nje, na ufunguo wa pili humwachia somo wake, Bi Mwaija, wa nyumba ya nyuma, ili kukicha amfungulie mtoto, amwogeshe, ampeleke shule.

Siku ya moshi Bi Mwaija hakuja. Jua likapanda, mtoto akashikwa na njaa, akawasha jiko la mkaa ajichemshie chai mle mle ndani. Majirani wakavunja dirisha wakamtoa anakohoa.

Mtoto alipona. Jina la mama yake halikupona. Kuna aliyesimama pembeni akapiga video, na kufika magharibi Bagamoyo nzima imeshamwona Shadya akipitishwa dirishani kama gunia. Maneno ya chini yake ndiyo msiseme. "Huyu mama au askari jela?" "Wanazaa wakijua hawawezi." "Kwani aliambiwa aachike?"

Ndipo Bi Chausiku, mama yake Mahmoud, akaitisha kikao. Anamtaka mjukuu wake. Na kikao chenyewe ni leo, baada ya swala ya adhuhuri.

* * *

"Somo, nitasema nini mimi?" Zuhura aliuliza.

Walikuwa mlangoni, Bi Mwaija akimrekebisha kanga mabegani. Ilikuwa kanga ya kisutu, ile ile ambayo Bi Mwaija alimvika siku alipomtoa nje. Wasichana wa sasa huenda hamjui: ukivunja ungo ulikuwa unawekwa ndani, unapewa mama wa kukufunda. Huyo ndiye somo wako. Mama mzazi unaweza kumficha jambo, somo humfichi. Na sharti lake ni moja zito: mbele ya wanaume somo hajibiwi. Akisema jeusi ni jeupe, mwari unanyamaza.

"Hutasema kitu," alijibu Bi Mwaija. "Mimi ndiye nitakayesema."

"Na wakiuliza habari ya ufunguo?"

"Wewe usiutaje. Ukisema nilikuwa nao, watasema Bi Mwaija mzembe, na mzembe nani atamsikiliza? Mimi siku ile homa ilinilaza chini, mwanangu, nakuapia. Niachie. Nitakusemea kwa njia yangu."

"Haya, Somo."

"Ndiyo mwari wangu." Akampapasa shavu. "Haya funga mlango twende."

Zuhura akasita. "Nimwache? Si bora nije naye?"

"Mtoto hapelekwi akasikie anavyogombaniwa! Mchana kweupe huu, jiko liko nje, kiberiti nimekichukua mwenyewe. Tunakwenda tunarudi."

"Kufuli tena, Somo? Baada ya yale?"

"Na asipofungiwa, akatoka kututafuta barabarani na bajaji zile? Watasema nini?"

Zuhura akalitazama kufuli mkononi. Nataka niseme wazi, maana simpambi mtu: hakuna aliyemshika mkono. Alilibana mwenyewe, likalia *ka*.

"Mama!" sauti ya Shadya ikatoka nyuma ya mlango. "Na mimi nimefunga komeo langu!"

Hilo komeo Zuhura alilipigilia baada ya moshi. Alimwambia binti yake, kuanzia leo na wewe una mlango wako, hafungui mtu wa nje mpaka wewe wa ndani upende.

"Vizuri, mama. Akija mtu?"

"Namtega!"

"Akishindwa?"

"Napiga kelele mpaka msikitini wasikie!"

"Na akitegua?"

"Basi ni mtu wetu." Shadya akacheka. Kitendawili alikitunga yeye mwenyewe, juzi usiku, kichwa juu ya paja la mama yake. Jibu lake walilijua wawili. Halafu Zuhura, kwa kuwa hana siri kwa somo wake, akalipeleka nyumba ya nyuma. Wakawa watatu.

Bi Mwaija akachukua ufunguo wake wa pili, akaufunga kwenye pindo la kanga yake kama kawaida, fundo la kukaza kwa meno.

"Tangulia mwanangu," akasema. "Nakwenda kumwambia Habiba aninyweshe dawa, nakukuta njiani."

Habiba ni bintiye. Mtamwona.

* * *

Ukumbi wa Bi Chausiku ulikuwa umejaa. Wanaume upande wa mlango wa mbele, wanawake upande wa ua, kahawa inazunguka. Zuhura aliingia akasalimu, akazunguka kila mkubwa na shikamoo yake. Marahaba nyingine zilitoka, nyingine zilimezwa.

"Karibu, mama video," alisema Bi Chausiku. "Leo hujaja na kamera yako?"

Wanawake wakacheka ndani ya mitandio.

Mzee Ausi, mjumbe wa mtaa, alikohoa. "Bi Chausiku, tumekuja kuongea, hatukuja kuchokozana. Mwanao yuko wapi? Baba wa mtoto ndiye mwenye neno."

"Mahmoud yuko njiani, Mzee wangu. Gari limemsumbua. Tuanze tu, atatukuta."

"Haya, sema."

Bi Chausiku akajinyoosha. Ana sauti ile ya kumwaga maji kwenye sakafu ya saruji, inafika kila pembe.

"Mimi sina ugomvi na umaskini. Msinielewe vibaya. Mimi hapa nimeuza maandazi nikiwa na watoto wadogo, baba yao baharini. Nimelala njaa ninyi mnajua. Lakini mwanangu hakulala na kufuli mlangoni! Kuku ndiyo hufungiwa, na kuku mwenyewe hufunguliwa asubuhi. Huyu amenichomea mjukuu. Mungu tu ndiye aliyemtoa."

"Kweli," mtu akaitikia.

"Sasa namwomba kwa uzuri. Mtoto ameshajua kushoto na kulia, umri wa kuja kwa baba yake umefika. Atakula, atasoma, atalala kwenye kitanda. Yeye ataendelea na samaki zake. Dhambi yangu iko wapi?"

"Angevumilia ndoa yake yasingemkuta haya," alisema mama mmoja mnene wa nyuma.

"Ndoa gani? Mwanaume alikuwa anakuja kwa mwezi mara moja," mwingine akamjibu.

"Si bora hiyo mara moja? Mimi wangu nilimvumilia mpaka nikamzika."

"Na ndiyo maana uso wako uko hivyo!"

Kicheko. Mzee Ausi akagonga kikombe. "Huu si mnada! Zuhura, binti yangu, umesikia. Una neno?"

Zuhura alikuwa ameinama, vidole vyake vyenye alama za mafuta ya moto vinachezea nyuzi za mkeka. Neno alikuwa nalo, limemjaa mpaka kooni. Lakini alikumbuka. Niachie. Nitakusemea.

"Atanisemea somo wangu," alisema.

Wakati huo Bi Mwaija alikuwa ameshaingia. Lakini angalieni alipokaa. Hakuja kukaa kwa mwari wake. Alipita akakaa karibu na Bi Chausiku, goti kwa goti, na Bi Chausiku akamsogezea mto wa kuegemea.

Zuhura aliona. Akajiambia labda huko ndiko kulikokuwa na nafasi.

"Bi Mwaija," alisema Mzee Ausi, "wewe ni jirani, tena ni somo wa huyu. Unajua yanayopikwa ndani. Tuambie."

Bi Mwaija alishusha pumzi ndefu, ya mtu mwenye huzuni.

"Mimi ni mtu mzima, siwezi kusema uongo kaburi linaniita. Nilimfunda mimi huyu. Nilimfundisha kupika, kuoga, kukaa na mume, kutunza mtoto. Mwari akiharibika, aibu ni ya somo."

Zuhura akainua kichwa.

"Nilimwambia mara ngapi, mwanangu, usimfungie mtoto. Niletee mimi nimlee. Hataki. Ana kiburi cha maskini."

"Somo..." Zuhura alinong'ona. Akajiziba mdomo mwenyewe.

"Mtoto anashinda ndani mpaka adhuhuri. Namsikia analia, ningefanya nini? Mlango si wangu."

"Ina maana hukuwa na ufunguo?" aliuliza Mzee Ausi.

"Ufunguo?" Bi Mwaija alishtuka vizuri sana, mtu angedhani neno hilo hajawahi kulisikia. "Mimi sijawahi kushika ufunguo wa nyumba ya mtu maisha yangu."

Ukumbi ukanguruma. Zuhura alihisi kama ametia mkono kwenye karai la mafuta, mwanzo husikii moto, unasikia baridi.

Bado. Bi Mwaija hakuwa amemaliza.

"Na liko neno nilikuwa nimelimeza. Lakini mtoto wa watu ni amana. Ramadhani iliyopita, jioni, huyu Zuhura alikuja kwangu analia. Akaniambia kwa mdomo wake: 'Somo, bora mtoto huyu angezaliwa kwa mwenye nacho.' Alilisema. Kama hakulisema, Mungu anikate ulimi hapa hapa."

Hapo hakuna aliyecheka. Hata yule mama mnene alishika kidevu.

Ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililouma. Shadya alifunga siku ile kwa mara ya kwanza, siku nzima, na wakati wa kufuturu aliomba tambi za sukari kama za kwa wenzake. Hazikuwepo. Kulikuwa na uji, nao mtupu. Mtoto akaunywa akasema mtamu, mama. Zuhura akatoka mbio mpaka nyumba ya nyuma, akaweka kichwa kwenye mapaja ya somo wake, akalisema neno lile. Na Bi Mwaija alimfuta machozi kwa pindo lile lile.

"Binti yangu," Mzee Ausi aliuliza taratibu, "ulisema hivyo?"

Zuhura alimtazama somo wake, akainama.

"Anayenyamaza amekubali," alisema Bi Chausiku.

"Hanyamazi kwa kukubali," akajibu bibi mmoja kikongwe kutoka kwenye kona. "Ananyamaza kwa sababu ni somo wake. Kwani ninyi hamkuchezwa unyago?"

Zuhura akasimama.

Polepole aliivua kanga ya kisutu mabegani. Akabaki na baibui lake kuukuu. Akaikunja ile kanga mara moja, mara mbili, kama alivyofundishwa kuikunja na somo huyo huyo, akaenda mpaka mbele ya Bi Mwaija, akapiga magoti, akaiweka kwenye mapaja yake.

Wanawake wote wakavuta pumzi kwa pamoja, *haa!* Wanaume wakatazamana, hawakujua kumetokea nini. Mimi nakwambieni: katika umri wangu wote nimesikia habari za mwari kumrudishia somo kisutu chake, lakini sijakutana na aliyeona. Ukiirudisha, umejitoa. Huna somo. Ukifa hatakuosha, ukizaa hatakuja. Na ulimi wako uko huru.

"Chukua, Bi Mwaija," alisema Zuhura. Si Somo tena. "Ulinivika mwenyewe. Sasa nitajibu."

Bi Mwaija alijaribu kuisukuma. "Mwanangu, usifanye mambo ya..."

"Mzee Ausi, lile neno nililisema." Sauti ya Zuhura ilitetemeka, kisha ikashika njia. "Nililisema mara moja, na tangu siku ile sijapata usingizi mzuri. Na mtoto nilimfungia. Mkono uliofunga kufuli ni huu hapa, sikufungiwa na shetani wala na Mahmoud. Mkitaka kunihukumu kwa hilo nihukumuni, nimekosa. Nilijiona ni mjanja, nikadhani jua haliwezi kupanda siku ambayo mtu hakuja."

"Mtu gani?" aliuliza Mzee Ausi.

"Kufuli lile lina funguo mbili. Mmoja huu." Akautoa kwenye mfuko wa baibui. "Wa pili anao huyu. Anao kila siku. Anao hata sasa hivi, mwangalieni pindo la kanga yake, kulia."

Macho yote yakashuka kwenye pindo. Fundo lilikuwepo. Kubwa, limekazwa kwa meno.

"Bi Mwaija," alisema Mzee Ausi, "kwa hisani yako, fungua hilo fundo."

"Mimi nipekuliwe? Mtu mzima mimi?"

"Fungua, Mama. Yaishe."

Bi Mwaija akalitazama fundo, akamtazama Zuhura. Kisha akafanya jambo ambalo Zuhura hakulitegemea. Akatabasamu.

Akalifungua taratibu, akilipindua kwa kucha, watu wamenyoosha shingo. Likaachia. Akaukung'uta upindo juu ya mkeka.

Ikaanguka tambuu, imefungwa kwenye jani lake. Basi.

"Haya," alisema Bi Mwaija. "Na jani nalo nilifungue, lisije likawa limebeba mlango?"

Ukumbi ukapasuka. "Amemsingizia hata somo wake!" "Laana hiyo!" "Mtoto atolewe leo leo!" Yule bibi wa kwenye kona akageuza uso ukutani. Zuhura alibaki kwenye magoti, ufunguo wake mmoja mkononi, kama mtu aliyepigwa kofi na mkono asiouona.

Ufunguo aliuona. Mchana huu huu aliuona kwa macho yake ukifungwa pale.

Simu ya Bi Chausiku ikatetemeka juu ya mkeka. Akaichukua, akasoma. Midomo yake ikatamka alhamdulillahi bila sauti. Akailaza kifudifudi.

"Mzee Ausi," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa laini kama siagi, "mimi naona tusichoshane. Watu wana shughuli zao. Mambo mengine Mungu huyapanga mwenyewe."

Zuhura akaitazama ile simu. Akautazama upindo mtupu. Akalitazama lile jamvi la wanaume, mahali palipoachwa wazi kwa ajili ya mtu ambaye gari lilimsumbua.

Ufunguo haupotei. Ufunguo huhama.

"Mahmoud yuko wapi?" aliuliza.

Bi Chausiku akaifunika simu yake kwa mkono.

"Bi Chausiku, Mahmoud yuko wapi? Nauliza!"

"Baba wa mtoto haulizwi anakwenda wapi na damu yake," alisema Bi Chausiku.

Zuhura hakuvaa hata kandambili.

* * *

Alikimbia. Alipita maduka, akapita bodaboda waliokaa kivulini, mmoja akaita, "Dada, panda nikupeleke!" naye hakusikia. Baibui limemnasa miguuni, akalishika juu kwa mkono mmoja. Watoto wakacheka, wakamwona uso wakaacha.

Moyoni alikuwa na kitu kimoja tu cha kushikilia. Komeo. Hata kama ana ufunguo, ndani kuna komeo. Na Mahmoud hajui kitendawili. Atasema paka. Kila mtu husema paka. Shadya atapiga kelele, majirani wale wale waliovunja dirisha watatoka, watamshika.

Alipokata kona ya nyumba yake alikaza masikio.

Kimya. Kuku tu.

Mlango ulikuwa wazi, haukuvunjwa. Komeo limevutwa vizuri, kwa mkono wa ndani.

Na kwenye kibaraza alikuwa amekaa mwanamke, begi la safari miguuni, kufuli mapajani, ufunguo wa pili ungali umo. Habiba, bintiye Bi Mwaija. Macho yamemvimba.

"Dada Zuhura," alisema.

"Yuko wapi mwanangu?"

"Ameondoka na baba yake."

"Alilia?"

Habiba akatikisa kichwa. "Bora angelia. Mahmoud alifungua kufuli, akagonga. Mtoto akamtega kupitia tundu la mlango. 'Huondoka sijaamka, hurudi ananuka, na mimi namkumbatia vilevile.' Nikasema moyoni, hapa atakwama."

"Hakukwama?"

"Alijibu hapo hapo. 'Mama yangu.' Komeo likavutwa, mtoto akatoka anacheka. Akasema, basi na baba ni mtu wetu."

Haya, wajukuu zangu, na jibu ndilo hilo. Mwenye kunuka samaki na kukumbatiwa vilevile ni mama. Walilijua watatu.

Zuhura alikaa chini kwenye mchanga. Kufuli linaweza kununuliwa lingine. Lakini lile jibu lilitoka kwenye kifua cha mtoto likaja kwenye kifua chake, na yeye kwa mikono yake akalichukua akalipeleka nyumba ya nyuma kama mtu anayepeleka kisahani cha futari.

"Kwa nini?" alisema. "Nilimkosea nini mama yako?"

"Hukumkosea." Habiba alikuwa anasema na kufuli, hamtazami. "Mimi ndiye ninayeolewa na Mahmoud. Wameshapanga. Mimi nimeachika mara mbili kwa kutozaa, dada, unajua mtaa unavyoniita. Mama akasema safari hii nitaingia nyumba yenye mtoto tayari, hakuna atakayenicheka. Siku ile ya moshi hakuwa na homa. Alikuwa na Bi Chausiku, wanakunywa chai."

Zuhura alimrukia. Alimshika kanga ya kifuani akamtikisa mpaka begi likaanguka. "Na wewe ulikuwa unajua! Mwanangu anakohoa moshi na wewe unajua!"

"Ya moshi nimeyajua leo! Wallahi leo!" Habiba hakujitetea kwa mikono. "Nilikuwa nimeshapanda bajaji, dada. Mtoto tumemweka katikati. Wakasema akikaa na mwanamke hatalia. Tukaondoka. Akanishika kidole akaniuliza, 'Anti Habiba, mama anajua tunakwenda wapi?' Sikuweza kumjibu. Njia panda nikasema nimesahau kitu, nikashuka."

"Ukamwacha!"

"Nikamwacha. Ndiyo. Nilitaka mtoto, dada Zuhura. Sikutaka wako. Mpaka aliponiuliza sikujua kwamba ni wako."

Zuhura akamwachia. Wote wawili walikuwa wanahema.

"Wamekwenda wapi? Stendi?"

"Hawakwenda stendi. Huko utawakosa. Najua wanakobadilishia gari, na najua gari lenyewe linaondoka alasiri. Ukitoka sasa na mtu anayepajua, unawakuta."

"Basi nipeleke! Unangoja nini?"

Habiba akaokota begi, akalikung'uta mchanga. Kisha kwa mara ya kwanza akamtazama Zuhura machoni.

"Nitakupeleka. Lakini mimi namvunjia mama yangu mzazi heshima leo, na sina mume tena wala pa kurudi. Kwa hiyo kwanza nijibu swali moja, na unijibu kweli. Usinijibu kama mtu wa kikaoni."

"Uliza upesi!"

"Kesho alfajiri, mnada ukianza, Shadya atakuwa na nani?"

Ukumbi mzima ule, wazee kwa vijana, walimuuliza kwa nini alizaa, kwa nini aliachika, kwa nini alisema, kwa nini alifunga. Hilo hakuna aliyemuuliza. Na yeye mwenyewe, akikaanga samaki wake kila siku ya Mungu, alikuwa amelikimbia.

Uongo ulikuwepo karibu, tena mzuri. Angesema nina mama mdogo, anakuja kukaa na mimi. Angesema naacha samaki, nitauza uani. Habiba angeamini, maana alitaka kuamini, na bajaji huko ilikuwa inazidi kwenda.

Msikiti wa mbali ukaanza kupima kipaza sauti kwa ajili ya alasiri.

Zuhura akafungua mdomo. Habiba akalishika lile kufuli kwa mikono miwili, akangoja.